SOMO LA MWEZI: NANI ATAMDHAMINI SAULI?



Somo la mwezi huu lahusu watu wachache kwa hesabu, lakini jambo lenyewe ni zito. Ni juu ya kijana, mume au mke, anayesomea kazi ya ustawi wa jamii, ambaye zamani alipata kutiwa hatiani mahakamani. Sasa chuo kimemtuma kwetu Mpanda kufanya mafunzo kwa vitendo. Je, apokelewe au akataliwe? Akipokelewa, apewe kazi gani? Na sisi Wakristo wa hapa tuna sehemu gani katika jambo hilo?

Twaomba kila msomaji achukue Biblia yake, asome kwanza Matendo ya Mitume sura ya 9 mpaka mstari wa 31. Kisha sura ya 11 mstari wa 19 hadi 26. Halafu sura ya 15 kuanzia mstari wa 36. Waraka kwa Filemoni nao usomwe, maana ni mfupi. Baada ya hapo turudi kwenye somo.

1. KAZI YENYEWE NI YA NAMNA GANI?

Wengi wetu humkumbuka afisa ustawi wa jamii siku ya shida tu. Mtoto ameokotwa sokoni, hajulikani kwao. Baba amekataa kutoa matunzo. Mzee anaumwa na hana ndugu. Mgonjwa yuko hospitali, hana uwezo wa kulipa. Hapo ndipo tunapouliza ofisi yake iko wapi.

Kazi hii ina mafunzo yake kama ilivyo kazi ya uganga au ualimu. Chuo cha kuwafundisha maafisa hao, kule Dar es Salaam, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na leo huitwa Taasisi ya Ustawi wa Jamii. Viko na vyuo vikuu vinavyofundisha somo hilo. Na haja yake mkoani kwetu ni kubwa. Utafiti wa taifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Katavi, kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wapatao 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Kwa nchi nzima hesabu hiyo ilikuwa 27. Nyuma ya kila hesabu yupo binti, na yupo mtoto mchanga. Watu wa kuwasaidia hawatoshi.

Sisi tuliopita vyuo vya ualimu twakumbuka mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo aliweza kujua saikolojia yote ya kitabuni, lakini siku ya kusimama mbele ya watoto 50, chaki mkononi, ndipo alipojulikana kama ni mwalimu. Kwa mwanafunzi wa ustawi wa jamii ni vivyo hivyo. Hupelekwa kwenye ofisi ya halmashauri, hospitali, mahakama, gereza, au nyumba ya kulelea watoto. Huko huwa na msimamizi wa kumwongoza, na mwalimu wa chuo huja kumkagua. Mafunzo hayo ni sehemu ya masomo yake. Asiyeyafanya hamalizi masomo.

Basi ona hatari iliyopo. Mtu aliweza kusamehewa na Mungu, akamaliza adhabu ya serikali, akapokelewa chuoni, akafaulu mitihani, kisha akakwama mlangoni mwa ofisi moja kwa sababu mtu fulani alisema, "Huyu tunamjua, alifungwa." Kwa neno hilo moja kazi yote ya miaka mingi hubomoka.

2. HOFU YETU SI DHAMBI, LAKINI ITAWALIWE

Tusiwacheke wanaoogopa. Mtu anayekwenda ofisi ya ustawi wa jamii hachagui wa kumhudumia. Mjane, yatima na mgonjwa wa akili humkuta aliyepo. Mwanafunzi wa kazi hiyo hupata kusikia siri za nyumba za watu. Pengine hushika orodha za watu wa kusaidiwa, na pengine fedha. Pengine huingia mahali walipo watoto wasio na mtetezi. Kwa hiyo jambo la kwanza kuangaliwa ni usalama wa wale wanyonge, kisha ndipo tuangalie nafasi ya mwanafunzi. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa.

Hata wanafunzi wa Bwana kule Yerusalemu waliogopa. Sauli alipotaka kujiunga nao hawakumsadiki, maana walijua alivyolinda nguo za waliompiga mawe Stefano, na alivyowaburuta watu majumbani na kuwatia gerezani. Kule Dameski, Anania naye alimweleza Bwana wazi habari alizozisikia juu ya mtu huyo. Bwana hakumkemea Anania kwa kuuliza. Alimjibu, kisha akamtuma. Kuuliza kunaruhusiwa. Tunachokatazwa ni kuuliza tukiwa tumekwisha kata shauri.

3. KOSA HALIFANANI NA KOSA

Tutumie mifano mitatu. Tumeitunga kwa ajili ya kufundishia. Mtu asitafute jina la jirani yake ndani yake.

Mfano wa kwanza ni kijana aliyekamatwa na nyama ya nyati. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998, na leo ina kilometa za mraba 4,471. Watu wa vijiji vya karibu wajua jinsi kesi za nyara za serikali zilivyo kali. Huweza hata kuhesabiwa kuwa uhujumu uchumi. Kijana wetu alikuwa na miaka 19 alipofungwa. Alipotoka alirudi shule, na leo ni mwanafunzi wa ustawi wa jamii.

Mfano wa pili ni dada aliyekuwa mweka hazina wa kikundi, akala fedha za wenzake. Mahakama ilimtia hatiani, lakini haikumpeleka gerezani. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 humruhusu hakimu, pale kifungo kinapokuwa hakizidi miaka 3, kumwamuru mkosaji afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kufungwa. Dada huyu alifagia na kulima kwenye zahanati mpaka siku zake zikaisha, mbele ya macho ya watu wote.

Mfano wa tatu ni mtu aliyefungwa kwa kumharibu mtoto.

Wote watatu huitwa kwa jina moja, yaani watu wenye kumbukumbu ya jinai. Lakini je, tutawapima kwa kibaba kimoja? Yule wa kwanza kosa lake halikuhusu watoto, wala siri, wala fedha za maskini. Twaona hakuna sababu ya kumzuia kwenye wodi au ofisi ya halmashauri, madhali yuko chini ya msimamizi. Yule wa pili aweza kufanya kazi nyingi na kuzifanya vema, ila asishike fedha wala vocha wakati huu wa kujifunza. Hilo ni kumkinga yeye pia, maana kitu kikipotea ofisini wa kwanza kutazamwa atakuwa yeye. Wa tatu hatufai kumpeleka mahali penye watoto. Tusiogope kulisema hilo. Aweza kutubu, aweza kukaa nasi kanisani chini ya uangalizi, aweza kutafutiwa kazi nyingine ya kumpatia riziki. Lakini msamaha haumpi mtu haki ya kukabidhiwa watoto wa wenzake.

Nchi nyingine nazo zimehangaika na mzigo huu. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974, kwamba makosa mengi, baada ya mtu kukaa miaka kadhaa bila kurudia, yahesabiwe kuwa yamepita, wala asilazimike kuyataja aombapo kazi. Lakini mwaka uliofuata kazi kadhaa zikatolewa katika nafuu hiyo, na mojawapo ni kazi ya ustawi wa jamii. Tazama mambo hayo mawili yalivyokwenda pamoja. Walitaka mtu asifungwe na kosa lake maisha yake yote, na papo hapo walitaka walio wanyonge walindwe. Mizani hiyo ndiyo tunayoitafuta.

4. BARNABA ALIFANYA MAMBO MATATU

Turudi kwenye Matendo. Mlango ulikuwa umefungwa, na aliyeufungua ni Barnaba. Twamwona akifanya mambo matatu.

La kwanza, alisema kweli. Hakuwaambia mitume kwamba Sauli hakuwa mtu mbaya kama walivyosikia. Aliwaeleza yaliyotokea njiani, na jinsi Sauli alivyohubiri Dameski. Yaani alitoa ushahidi wa mambo yaliyoonekana baada ya kosa. Kumdhamini mtu si kuficha habari zake. Ni kuzieleza mpaka mwisho, wala si kuishia pale palipoharibika.

La pili, alifanya kazi pamoja naye. Baadaye alikwenda Tarso kumtafuta Sauli, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Hayo twaweza kuyaita mafunzo kwa vitendo. Hakumwandikia barua tu na kumwacha. Walikuwa kazini pamoja, na watu waliwaona.

La tatu, hakuacha tabia hiyo. Yohana Marko alipowaacha njiani na kurudi kwao, Paulo alikataa kumchukua tena. Ajabu ni kwamba Paulo huyu ndiye aliyepata kudhaminiwa! Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro. Miaka ikapita, na Paulo mwenyewe, akimwandikia Timotheo, aliagiza Marko aletwe kwa kuwa anamfaa katika utumishi. Mtu aweza kusahau upesi kwamba naye alishikwa mkono.

Karibu na nyakati zetu uko mfano wa Uganda. Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002. Yeye na wenzake mamia walifungua kesi kuhusu adhabu hiyo, na mwaka 2009 Mahakama Kuu kuliko zote nchini humo iliamua kwamba hakimu asilazimishwe na sheria kutoa hukumu ya kifo bila kupima kila kesi. Akiwa gerezani Luzira alisoma sheria kwa njia ya posta katika Chuo Kikuu cha London, akawasaidia wafungwa wenzake. Aliachiwa mwaka 2016. Hapa tuangalie jambo moja tu. Waliomfundisha walijua yuko wapi na kwa nini yuko huko. Hakuna kilichofichwa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeweza kumfumania baadaye.

5. TUFANYE NINI HAPA KWETU?

Kati yetu wapo wauguzi, walimu, askari magereza, watumishi wa halmashauri na wazee wa mabaraza. Pengine msimamizi wa mwanafunzi wa namna hii atakuwa mmoja wenu. Twapendekeza haya.

(a) Habari isemwe mapema. Mwanafunzi aambie chuo, na chuo kizungumze na ofisi kabla ya siku ya kwanza, naye mwanafunzi akijua kinachosemwa. Ikisemwa mapema ni taarifa. Ikigunduliwa katikati huitwa udanganyifu, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya. Ofisi ikitaka hakika, polisi hutoa taarifa ya kumbukumbu za makosa baada ya kuchukua alama za vidole.

(b) Wajue wanaopaswa kujua, basi. Msimamizi na mkuu wa ofisi yatosha. Jambo hili lisifanywe siri ya kumnyima msimamizi, wala lisifanywe tangazo la kila mtu. Mji wetu si mkubwa. Neno likisemwa asubuhi sokoni, jioni limefika Katumba. Anayelitoa nje amemhukumu mwenziwe mara ya pili, na mara hii bila hakimu.

(c) Maswali yawe ya haki. Lilikuwa kosa gani? Alikuwa na umri gani? Ni miaka mingapi imepita? Amefanya nini tangu hapo? Kazi tunayompa ina uhusiano gani na kosa lile? Maswali matano haya yamfaa kila mtu. Kumhoji habari za maisha ya gerezani ili kukidhi hamu yetu si usimamizi.

(d) Kanuni za kulinda wanyonge ziwe za wanafunzi wote. Mwanafunzi yeyote asikae na mtoto peke yao nyuma ya mlango uliofungwa. Mwanafunzi yeyote asichukue faili nyumbani. Twasema yeyote kwa sababu mbili. Kwanza, kanuni ikiwa ya wote, haimchomi mmoja kidole machoni. Pili, taarifa safi ya polisi si cheti cha moyo safi. Wako waliowadhuru watoto nao hawajapata kufikishwa mahakamani hata siku moja. Tukimlinda mtoto dhidi ya mwenye kumbukumbu tu, tumemlinda nusu.

(e) Msimamizi awe mmoja, na kikao kiwe kila juma. Sisi walimu twajua kwamba mwanachuo asiyekaguliwa huharibika, na anayekaguliwa kwa kuviziwa huharibika zaidi. Wakae chini, waseme lililokwenda vizuri na lililokwenda vibaya, kisha waandike. Kazi fulani itaweza kumgusa penye kidonda. Kwa mfano, akipelekwa gerezani kuwaona wafungwa. Aulizwe kwanza kama yuko tayari.

(f) Apewe kazi halisi. Tusimpokee kwa mdomo, kisha tukamweka miezi yote kuchemsha chai na kupanga mafaili. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Aliyelala gerezani ajua jinsi mke wa mfungwa anavyosumbuka na ada za watoto, na jinsi mtu anavyotoka langoni bila nauli. Maarifa hayo hayamo vitabuni. Ila naye afundishwe kutosimulia habari zake kwa kila mteja, maana mteja amekuja na mzigo wake.

(g) Mwishoni taarifa iandikwe kwa haki. Akifanya vibaya iandikwe vibaya, na akifanya vizuri iandikwe vizuri, kwa kazi aliyoifanya hapa. Msimamizi asimpe alama kwa huruma, maana maskini watakaomwendea kesho ndio watakaolipa. Wala asimnyime kwa ajili ya kosa ambalo mahakama ilikwisha lilipisha.

6. KANISA NALO LINAHUSIKA

Ndugu, tusidhani jambo hili ni la serikali tu. Baraza la Ushauri la Kianglikana la ulimwengu, lilipokutana Auckland mwaka 2012, lilipitisha mkataba wa kuwalinda watu ndani ya makanisa yetu. Mwaka 2016, huko Lusaka, baraza hilo likakubali pia utaratibu wa makanisa kupashana habari za watumishi wanaohama, ili mwenye kufukuzwa kwa kudhuru watu asiende mahali pengine kama mtu mpya. Kwa hiyo kusema kweli juu ya mtu kumekuwa ni sehemu ya maisha ya Kanisa letu, si jambo la polisi peke yao.

Na iko sehemu ambayo serikali haiwezi. Mwanafunzi anayeshuka kwenye treni ya kutoka Kaliua hajui mtu hapa. Anahitaji chumba cha kupanga kwa bei ya haki, mahali pa kula, na watu wa kukaa nao Jumapili baada ya ibada. Aliyewahi kufungwa huhitaji hayo zaidi, maana hukaa akisubiri siku ya kujulikana. Nyumba moja ikimkaribisha ugali, bila kumpeleleza, imefanya kazi kubwa. Umoja wa Akina Mama wafaa kulifikiria hili, na vijana wa kwaya pia.

Mwisho tumtazame Paulo alipokuwa mzee. Alimwandikia Filemoni juu ya Onesimo, mtu aliyeondoka kwa bwana wake katika hali mbaya. Hakumficha Onesimo, alimrudisha. Hakudai kwamba hakuna deni. Alisema kama lipo aandikiwe yeye, akatia mkono wake mwenyewe. Yule aliyedhaminiwa na Barnaba sasa amekuwa mdhamini. Hivyo ndivyo wema huu unavyopita kutoka mtu hata mtu. Kijana tunayemsimamia leo Mpanda, kesho atakuwa afisa katika wilaya fulani, na mbele ya meza yake atasimama mtu aliyeachiwa jana.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Bwana hakumkemea Anania kwa hofu yake? Hofu ya namna gani ingestahili kukemewa?

2. Katika mifano yetu mitatu, je, mmekubaliana na mahali tulipompeleka kila mmoja? Kama sivyo, toeni sababu.

3. Ikiwa kijana wa namna hii angeomba kufundisha Shule ya Jumapili hapa kwetu, nani angepaswa kuulizwa, na aulizwe nini?

4. Ni jambo gani moja ambalo nyumba yako inaweza kumfanyia mwanafunzi mgeni muhula huu?

TUOMBE

Ee Bwana Mungu, wewe wajua yaliyoandikwa juu ya kila mmoja wetu, nawe hukututupa. Uwalinde watoto, wajane na wagonjwa wa mkoa huu dhidi ya kila mwenye kuwadhuru. Uwape wasimamizi wa kazi hekima ya kuuliza na ujasiri wa kupokea. Na kwa kila aliyeanguka akasimama, umpelekee Barnaba wake. Nasi, ukituita, tusikatae kuwa huyo. Kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.